Bia ya viwanda vidogo: Ladha, kodi na safari yake hadi Isiolo

Mtu akiketi katika baa mjini Isiolo na kuagiza bia, swali la kwanza aulizwalo na mhudumu aghalabu halihusu ladha. Huulizwa, "Baridi ama moto?" Moto ni ile ambayo haikuwekwa kwenye friji, na wapo wazee wanaoitaka hiyo hiyo, jua liwe kali lisiwe kali, kwa hoja kwamba ya baridi huwakwaruza koo. Swali hilo lina mantiki yake. Maadamu chupa nyingi zilizo kwenye rafu ni za jamii moja, yaani lager nyepesi ya rangi ya dhahabu, mnywaji hubakiwa na machache ya kuchagua isipokuwa baridi yake.

Makala haya yanahusu bia ya namna nyingine, ile inayopikwa na viwanda vidogo vilivyo huru na na baa zinazojipikia zenyewe. Isiolo si mji unaojulikana kwa viwanda hivyo. Hata hivyo uko karibu na shayiri kuliko Nairobi, una wageni wapitao kwenda mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba, na wakazi wake huenda Nanyuki na Nairobi kila uchao. Bia hii huwafikia, ama hukutana nayo safarini, na wengi huilipia bei kubwa bila kujua wanacholipia.

Kiwanda kidogo huru ni kile kisichomilikiwa na kampuni kubwa ya pombe, na kinachopika kiasi kichache kwa mkupuo mmoja. Katika baa zinazojipikia, mitungi ya chuma huonekana nyuma ya kioo na bia husafiri hatua chache tu hadi kwenye bilauri. Mteja akitaka kujua aliyeipika, huonyeshwa kwa kidole. Nadhani hilo ndilo jambo la msingi kuliko ladha: kwamba mpishi anajulikana.

Nchini Uingereza, wanywaji waliochoshwa na bia za viwanda vikubwa waliunda chama chao mwaka wa 1971 kutetea bia ya jadi ya mapipa. Marekani, iliyokuwa na viwanda vya bia chini ya 100 mwishoni mwa miaka ya 1970, leo ina zaidi ya 9,000, vingi vikiwa vidogo mno. Kigali kimekuwapo kiwanda cha Kweza, kilichoongozwa na wanawake kwa nia ya kuwarejeshea kazi ambayo zamani ilikuwa yao. Nchini Kenya, Brew Bistro ya barabara ya Ngong jijini Nairobi ilikuwa miongoni mwa baa za mwanzo kujipikia bia, na majina mengine yaliyosikika baadaye ni Sierra, Sirville, 254 Brewing Company na Bateleur.

Kuingia katika biashara hii si mchezo. Soko la Kenya limetawaliwa kwa muda mrefu na kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst. George aliuawa na ndovu mwaka uliofuata, na bia ya Tusker ikapewa jina linalomkumbuka mnyama huyo. Waafrika Kusini walijenga kiwanda cha Castle mjini Thika mwaka wa 1998, wakiwa na fedha na ujuzi wa kutosha, lakini kufikia 2002 walikuwa wamekifunga. Keroche ya Naivasha, iliyoanzishwa na Tabitha Karanja na mumewe mwaka wa 1997, ilianza na mvinyo wa bei nafuu na kuingia katika bia mwaka wa 2008 kwa Summit. Keroche si kiwanda kidogo kwa maana ya makala haya, lakini migogoro yake ya miaka mingi na watoza kodi ni funzo kwa yeyote anayefikiri kwamba kupika bia nzuri kunatosha.

POMBE ILIYOKUWAPO KABLA

Ingekuwa kosa kuandika kana kwamba Wakenya walifundishwa na wageni kupika pombe kidogo kidogo. Wameru, majirani wa Isiolo upande wa kusini, walikuwa na pombe ya miwa na ya asali. Wakikuyu walitengeneza muratina kwa kutumia tunda la mwegea lililokaushwa, ambalo nyuzi zake huhifadhi hamira kutoka mpiko mmoja hadi mwingine. Magharibi kulikuwa na busaa ya mahindi na wimbi, Kilimanjaro mbege ya ndizi na wimbi, na pwani mgema alipanda mnazi asubuhi na jioni. Kila moja ilitengenezwa kwa mazao ya mahali pake na kunywewa ingali changa, na aliyeitengeneza alifahamika na wote. Mama aliyepika busaa mbovu alifahamika pia.

Kilichovuruga mpango huo ni sheria na mapato. Chini ya ukoloni, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, baraza la Nairobi lilijitwalia haki ya pekee ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji katika vilabu vyake, na faida ikatumiwa kugharamia huduma za makazi yao. Aliyepikia nyumbani akawa mhalifu. Uhuru haukubadilisha mengi: mwaka wa 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa, na vilabu vya busaa navyo vikawa vimeandamwa. Marufuku ya chang'aa iliondolewa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wananchi waliibandika jina la mbunge aliyeileta, John Mututho. Wakati huo miaka thelathini ya kujificha ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Anayepikia gizani hapiki kwa ajili ya ladha wala sifa, hupikia haraka.

Matokeo yake tunayajua kwa majeneza. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014, makumi ya wengine walikufa Embu, Kiambu na kwingineko. Februari 2024 ilikuwa zamu ya Kirinyaga. Ni muhimu msomaji atofautishe mambo hapa. Bia, busaa na muratina ni vileo vya kuchacha tu, na nafaka ikichacha yenyewe haitoi methanoli ya kumdhuru mtu. Maafa haya hutokana na pombe kali zinazoghushiwa, ambapo muuzaji hutia kemikali ya viwandani ili kuongeza ukali na faida.

SHAYIRI, MAJI NA UVUMILIVU

Malighafi ya bia ni nne: shayiri, maji, hopsi na hamira. Huko Bavaria, Ujerumani, sheria ya mwaka wa 1516 iliruhusu tatu pekee, kwani kazi ya hamira ilikuwa bado haijaeleweka.

Shayiri haiko mbali. Anayesafiri kutoka Nanyuki kuelekea Isiolo hupita Timau, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, ambako mashamba makubwa ya ngano na shayiri hutanda pande zote mbili za barabara kabla ya nyanda kavu kujitokeza chini. Kutoka hapo hadi Isiolo ni chini ya kilomita 80. Mtama nao, hasa aina ya gadam inayovumilia ukame, hulimwa Tharaka na maeneo ya chini ya Meru, na viwanda vya bia vimekuwa vikiununua kwa ajili ya bia ya keg. Hopsi ndiyo inayokwamisha. Mmea huu hutaka siku ndefu za kiangazi ambazo nchi iliyo kwenye ikweta haina, kwa hivyo huagizwa kutoka ng'ambo, na mpishi mdogo huinunua ghali kwa sababu haagizi nyingi.

Kazi yenyewe huanza kwa kimea. Shayiri hulowekwa, ikaachwa ichipue kwa siku chache, kisha hukaushwa kwa joto. Ikikaushwa polepole hutoa bia ya dhahabu. Ikikaangwa hadi iwe nyeusi hutoa bia yenye harufu ya kahawa. Kimea husagwa na kuchanganywa na maji ya moto wa nyuzi 65 hivi kwa muda wa saa moja, ili wanga ugeuke sukari. Uji huo huchujwa, nao mchuzi mtamu huchemshwa pamoja na hopsi, inayoleta uchungu na kuzuia uharibifu. Hupozwa, na hapo hamira hutiwa. Mwanamke aliyewahi kupika busaa akisoma maelezo haya atatambua hatua nyingi, isipokuwa hopsi na kipimajoto.

Hamira ndiyo huamua jamii ya bia. Ile ya ale hufanya kazi katika joto la nyuzi 20 hivi na humaliza kwa wiki moja au zaidi kidogo. Ile ya lager hupenda baridi, nyuzi 10 hivi, na baadaye bia hukaa wiki kadhaa ikitulia. Ndiyo maana viwanda vidogo vingi hupendelea ale: kila siku ambayo mtungi umejaa bia isiyouzwa ni siku ya gharama ya umeme na ya mkopo.

KUIONJA

Anayeanza hafai kuanzia na bia chungu kuliko zote, kosa linalofanywa na vijana wanaotaka kuonekana wajuzi. Aanze na bia ya ngano. Hii huwa na ukungu kwenye bilauri, na hamira yake hutoa harufu ya ndizi mbivu na karafuu, ingawa hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa. Ni bia ya nchi za joto kama iliwahi kuwapo. Baada ya hapo ajaribu ale ya rangi ya kaharabu, yenye utamu wa sukari iliyoungua, kisha stout nyeusi. Wakenya waliozoea Guinness wataiona stout kuwa jamaa wa karibu.

Ile chungu, inayojulikana kwa herufi IPA, ilipata jina lake katika enzi ambapo Waingereza walisafirisha bia kwa meli hadi India, safari ya miezi kadhaa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Bia yenye hopsi nyingi ilistahimili safari hiyo vyema. Leo inapendwa kwa harufu ya machungwa, maembe au majani mabichi, ila huwa na kileo cha asilimia sita au saba, ilhali lager ya kawaida ina nne au tano. Chupa mbili zake si sawa na chupa mbili za kawaida, na hili huwaponza wengi.

Sasa turudi kwa swali la mhudumu. Baridi kali huua harufu na kuufisha ulimi ganzi, jambo ambalo kwa bia nyepesi si hasara kubwa. Bia ya ngano yafaa inywewe ikiwa nyuzi 6 au 8, ale nyuzi 10 hivi, na stout hata 12. Ikitoka kwenye friji iachwe mezani dakika kumi. Mzee anayeagiza moto, basi, hakukosea kabisa. Tatizo ni kwamba moto wa Isiolo wakati wa alasiri hupita hata joto la sebule ya Ulaya. Itiwe kwenye bilauri safi isiyo na mafuta wala sabuni, ili povu lisimame, kwa kuwa harufu imo kwenye povu. Bilauri iliyoosha maziwa au chai ya maziwa na kusuuzwa kwa maji machache huvunja povu papo hapo.

Kuhusu kitoweo sina ubishi na mtu yeyote. Mbuzi wa kuchomwa wa Isiolo, aliyelishwa miiba na majani makavu ya nyanda, huenda vizuri na ale ya kaharabu kuliko na lager yoyote.

NJIA NDEFU, JOTO KALI

Bia nyingi za viwanda vikubwa hupitishwa kwenye joto ili viini vilivyomo vife, na hivyo hudumu miezi mingi hata kwenye rafu ya duka. Nyingi za viwanda vidogo hazipitishwi. Hamira iliyo hai hubaki ndani, na chini ya chupa mara nyingine kuna mashapo meupe, ambayo si uchafu. Bia ya namna hii ina maadui watatu: joto, mwanga na hewa.

Kutoka Nairobi hadi Isiolo ni zaidi ya kilomita 270. Chupa ikiwekwa kwenye buti la basi adhuhuri, huenda ikafika ikiwa imepoteza nusu ya harufu yake, na wiki chache katika stoo yenye bati huipa ladha ya karatasi iliyolowa. Mwanga wa jua nao huigeuza hopsi ikanuka kama kicheche, na chupa ya kijani au nyeupe haizuii. Ya kahawia ndiyo huzuia kwa kiasi kikubwa. Mji unaojua miraa hauhitaji kufundishwa maana ya ubichi. Kila mtafunaji anajua kwa nini kifurushi hufungwa kwa majani ya mgomba na kwa nini gari linalokibeba halingojei abiria. Wanaosafirisha maziwa ya ngamia kutoka Isiolo hadi Eastleigh wanalijua hilo zaidi. Bia hai yataka uangalifu wa aina hiyo: isafiri usiku au kwenye kasha la barafu, ihifadhiwe ikiwa imesimama, gizani, kwenye friji.

Mnunuzi atazame tarehe ya kutengenezwa kabla ya bei. Ikikosekana, aulize. Muuzaji asiyeweza kusema bia ilifika lini anauza jina tu. IPA iliyopita miezi mitatu katika joto haina sababu ya kulipiwa mara mbili ya bei ya bia ya kawaida. Stout na bia zenye kileo kingi huvumilia zaidi.

BEI YATOKA WAPI

Wengi hudhani kwamba bei ya bia hizi ni majivuno ya wenye mabaa ya matajiri. Majivuno yapo, lakini sehemu kubwa ni hesabu: hopsi na chupa za kununuliwa kidogo kidogo, umeme, leseni, na kodi.

Hadi 2024 ushuru wa bia nchini Kenya ulitozwa kwa lita, shilingi 142.44, bila kujali ni ya nani wala ina kileo kiasi gani. Sheria ya marekebisho ya kodi iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 ilibadilisha kipimo kikawa kileo halisi kilichomo: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo kwa bia kwa jumla, na shilingi 10 kwa wapishi wadogo huru wenye leseni. Chukua chupa ya nusu lita yenye kileo cha asilimia tano. Ina sentilita mbili na nusu za kileo. Kiwanda kikubwa huilipia ushuru wa shilingi 56.25, na kile kidogo shilingi 25. Chini ya utaratibu wa zamani wote wawili wangelipa shilingi 71.22. Ni mara ya kwanza kwangu kuona sheria ya kodi ya Kenya ikimtambua mpishi mdogo wa bia kama mtu tofauti, na mnywaji ana haki ya kuuliza kwa nini nafuu hiyo haionekani kwenye bei anayolipa.

Kwamba kodi huamua watu wanywe nini si nadharia. Senator Keg ilizinduliwa mwaka wa 2004 kwa nafuu ya ushuru, ili mwenye kipato kidogo apate bia salama badala ya chang'aa. Mwaka wa 2013 serikali iliipunguza nafuu hiyo kwa nusu; bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na wakulima wa mtama wakakosa soko. Mauti ya Mei 2014 yalitokea katika kipindi hicho hicho. Mwaka wa 2015 nafuu ilirejeshwa kwa kiasi kikubwa.

Leseni za kuuza pombe, tangu Katiba ya 2010 ilipoanza kutekelezwa mashinani mwaka wa 2013, ni jukumu la serikali za kaunti. Isiolo ni kaunti ya watu 268,002 kwa hesabu ya 2019, na wakazi wengi ni Waislamu, ambao kwao kileo ni haramu. Wapo pia Waturkana, Wameru, Wasamburu na wanajeshi wa kambi zilizo mjini, na desturi imekuwa baa kukaa mbali na misikiti na shule. Mwenye kuileta bia ya viwanda vidogo hapa hana budi kuiheshimu desturi hiyo, hasa kwa vile biashara ya aina hii mahali pengine hujitangaza kwa mabango makubwa na muziki wa juu. Umri wa chini wa kununua kileo kwa mujibu wa sheria ya 2010 ni miaka 18.

Je, kiwanda chenyewe chaweza kujengwa Isiolo? Shayiri ipo karibu na barabara ya lami ipo. Maji ndiyo kikwazo. Viwanda vikubwa hutumia takriban lita nne au tano za maji kwa kila lita ya bia, na vidogo, kwa kukosa mitambo ya kuyarejesha, huweza kufikia saba au zaidi. Mto Ewaso Ng'iro hukauka sehemu za chini katika miaka ya kiangazi kikali, na wafugaji hugombania visima. Mwekezaji atakayefika na mitungi yake ataulizwa maji yake yatoka wapi kabla ya kuulizwa kuhusu dini.

Yawezekana akaulizwa pia kuhusu machicha. Kila mpiko huacha rundo la kimea kilichochujwa, kizito, chenye protini na nyuzi, nacho ni chakula kizuri cha ng'ombe; wafugaji wa maziwa wa viunga vya Nairobi wamekinunua kwa miaka mingi. Hakikai. Katika joto la Isiolo kingeanza kunuka siku ya pili, kwa hiyo ingebidi mifugo iwe karibu na kiwanda, au kianikwe juani siku ile ile kinapotoka kwenye mtungi.